Anga likifungwa, tuambieni limefungwa kwa nani

Ndugu Mhariri,

Kila nchi mbili zinapokosana, magazeti yetu ya Kiswahili huandika kichwa kilekile: fulani yafunga anga. Sisi kazi yetu ni kupanga safari za ndege, na tunaomba nafasi tueleze kwa nini maneno hayo hayatoshi. Msomaji akiyaona huamini kwamba juu ya nchi hiyo hapiti hata ndege moja. Wengine huahirisha safari iliyokuwa salama kabisa, na wengine hukata tiketi ya shirika lililozuiwa wakidhani marufuku ni ya watu wote, kwa hiyo haina haja ya kuchagua.

Tuanzie karibu. Februari 2025, baada ya Goma kuangukia mikononi mwa waasi wa M23, serikali ya Kinshasa ilitoa tangazo kwa marubani, ambalo katika kazi hii huitwa notamu. Tangazo hilo lilipiga marufuku kupita au kutua kwa ndege zilizosajiliwa Rwanda, na pia kwa ndege zilizosajiliwa kwingine lakini zenye makao yake Rwanda. Basi. Ndege za Ethiopia, za Kenya na za Ubelgiji ziliendelea kukata anga la Kongo. Kwa hiyo kilichofungwa kilikuwa ruhusa ya taifa moja, na mwandishi aliyeandika "Kongo yafunga anga" alimwacha msomaji wa Bukoba au Bujumbura akijiuliza kama ndege yake nayo haitaruka.

Kile kipande cha pili cha tangazo, kuhusu ndege zenye makao Rwanda, ndicho ambacho mwandishi hukiruka na mpanga safari hukisoma mara mbili. Kila ndege ina alama ya usajili iliyoandikwa ubavuni karibu na mkia: 9XR ni Rwanda, 9Q ni Kongo, 5H ni Tanzania, 5Y ni Kenya, 5X ni Uganda. Mashirika mengi hukodi ndege kutoka nje, na ndege ya kukodi yaweza kubaki na alama ya nchi ya mwenyewe. Marufuku ikitaja usajili peke yake, shirika linaweza kuleta ndege yenye alama nyingine na kuendelea kupita. Ikitaja makao, au ikimtaja mwendeshaji, mlango huo unazibwa. Pakistan ilifanya hivyo Aprili 2025: ilizuia ndege zilizosajiliwa India pamoja na zile zinazomilikiwa, kuendeshwa au kukodiwa na mashirika ya India. Neno moja katika tangazo huamua iwapo shirika lina njia ya kujinusuru, na neno hilo linastahili kuwamo katika habari.

Sasa sheria, kwa ufupi. Mkataba wa Chicago wa 7 Desemba 1944 unasema katika kifungu cha 1 kwamba kila nchi ina mamlaka kamili juu ya anga lililo juu ya ardhi yake. Kifungu cha 6 kinasema safari za ratiba haziwezi kuingia bila ruhusa ya nchi husika. Ruhusa hiyo, kwa nchi nyingi, hutolewa kwa jumla kupitia makubaliano mengine ya mwaka huohuo wa 1944 yanayozipa ndege za wanachama haki mbili: kupita bila kutua, na kutua kwa shida ya kiufundi tu, kama vile kuongeza mafuta. Nchi kadhaa kubwa hazimo katika makubaliano hayo, Urusi na Saudi Arabia zikiwa miongoni mwao, na ndiyo maana kupita Siberia kumekuwa biashara ya mapatano ya nchi na nchi kwa miongo mingi. Kifungu cha 9 kinairuhusu nchi kufunga anga lake lote au sehemu yake kwa muda inapopatwa na dharura, lakini kwa sharti la kutobagua ndege kwa utaifa wake. Hapo ndipo ugomvi ulipo: kuzuia ndege za jirani mmoja na kuwapitisha wengine wote ni jambo ambalo wanasheria hawajaacha kubishania.

Mfano mkubwa wa ubishi huo ni Qatar, nao unawagusa wasomaji wenu wengi, kwa kuwa Waafrika Mashariki wanaofanya kazi Ghuba hupita Doha kila siku. Tarehe 5 Juni 2017 Saudi Arabia, Falme za Kiarabu, Bahrain na Misri zilivunja uhusiano na Qatar na kuzizuia ndege zake. Qatar ilipeleka malalamiko kwa Baraza la Shirika la Kimataifa la Usafiri wa Anga, ICAO. Nchi nne zikadai kwamba Baraza halina mamlaka ya kusikiliza shauri hilo, kwa hoja kwamba hatua zao zilikuwa jibu halali kwa makosa ya Qatar. Baraza likazikatalia, nazo zikakata rufaa. Tarehe 14 Julai 2020 Mahakama ya Kimataifa ya Haki ilizitupa rufaa zao. Magazeti mengi yaliandika kwamba Qatar imeshinda kesi ya anga. Haikuwa hivyo. Mahakama ilisema tu kwamba Baraza lina mamlaka ya kusikiliza. Swali lenyewe la uhalali wa marufuku halikujibiwa pale. Lilimalizwa kisiasa, kwa tamko lililotiwa saini Al-Ula, Saudi Arabia, tarehe 5 Januari 2021, na anga likafunguka.

Lakini somo kubwa la Qatar ni jingine, na tungependa mlishike kuliko yote yaliyomo katika barua hii. Neno "anga" lina maana mbili ambazo watu huzichanganya. Kuna anga la mamlaka, yaani lile lililo juu ya nchi kavu na juu ya bahari hadi maili 12 za baharini kutoka ufukweni, kama kilomita 22. Hilo ndilo mali ya nchi. Halafu kuna ukanda wa uongozaji, yaani eneo ambalo waongoza ndege wa nchi fulani wamekabidhiwa kimataifa walihudumie. Ukanda huo waweza kuwa mkubwa mara nyingi kuliko nchi yenyewe na kuingia mbali baharini. Ukanda wa Dar es Salaam, kwa mfano, unaendelea mashariki ya pwani yetu juu ya Bahari ya Hindi. Ndege iliyo kilomita 200 kutoka Mafia huongea na waongozaji wetu, ila haiko katika anga la Tanzania.

Mwaka 2017 Qatar haikuwa na ukanda wake. Nchi yote, pamoja na bahari inayoizunguka, ilikuwa ndani ya ukanda wa Bahrain. Fikiria maana yake: nchi iliyokuvunjia uhusiano ndiyo inayoongoza kila ndege inayoruka kutoka uwanja wako mkubwa mara tu inapopanda juu. Tangazo la kwanza la Bahrain liliwazuia Waqatari katika ukanda wote, pamoja na bahari kuu ambako Bahrain haina mamlaka ya kumiliki bali wajibu wa kuhudumia. ICAO ilibidi iingie kati, na kikao maalumu cha Baraza kikafanyika tarehe 31 Julai 2017. Zikapatikana njia za dharura juu ya bahari kuu, chache, nyembamba, zikielekea upande wa Iran. Ndege zote za Qatar zilizotaka kutoka zilipita kwenye tundu hilo zikiwa zimepangwa moja nyuma ya nyingine. Iliyokuwa ikienda Dar es Salaam au Nairobi, badala ya kukata kusini-magharibi juu ya Saudi Arabia, ilielekea kwanza Iran, ikateremka upande wa Oman, ikavuka bahari na kuingilia Somalia.

Doha ilijifunza. Ukanda wake wa uongozaji ulianza rasmi tarehe 8 Septemba 2022, karibu miaka miwili baada ya suluhu. Kwa hiyo mwandishi anapoandika kwamba nchi imefunga anga, aulize pia: anga la mamlaka, au ukanda mzima? Tofauti hiyo huamua kama ndege inaweza kupita baharini kando ya nchi iliyonuna, au lazima iende bara jingine.

Na aulize kutoka urefu gani. Tarehe 17 Julai 2014, anga la mashariki ya Ukraine lilikuwa limefungwa, lakini chini ya futi 32,000 tu. Ndege ya Malaysia MH17 ilikuwa futi 33,000, mahali ambapo karatasi ilisema ni wazi. Watu 298 walikufa. Habari isiyotaja urefu haijamwambia msomaji lolote kuhusu usalama.

Tuje kwenye gharama, maana hapa ndipo watu hukisia sana. Chukua safari ya kutoka Kigali kwenda Brazzaville. Kwa mstari ulionyooka ni takriban kilomita 1,650, na karibu zote ni juu ya Kongo ya Kinshasa. Ukizuiwa kuikanyaga, kaskazini inakubidi upande Uganda yote, ukunje Sudan Kusini, ufuate Jamhuri ya Afrika ya Kati hadi upande wa magharibi, kisha uteremke Kongo-Brazzaville. Ukipima kwenye ramani unavuka kilomita 3,000. Safari inakaribia kuongezeka maradufu, zaidi ya saa moja na nusu juu ya ile ya kawaida. Kusini, kupitia Tanzania, Zambia na Angola, ni mbali zaidi. Kongo ni nchi ya kilomita za mraba milioni 2.3, haizungukwi kwa urahisi.

Boeing 737-800 huchoma takriban tani 2.5 za mafuta kwa saa. Saa moja na nusu ni kama tani 4. Lakini hesabu haiishii hapo, kwa sababu mafuta yenyewe ni mzigo. Kila saa ya safari, ndege huchoma karibu asilimia 3 hadi 4 ya uzito wa ziada iliobeba kwa ajili tu ya kuubeba. Juu ya hapo, akiba ya tahadhari kwa kawaida huwa asilimia 5 ya mafuta ya safari, hivyo safari ikirefuka na akiba nayo inanenepa. Mafuta ya kwenda uwanja mbadala na yale ya dakika 30 za mwisho hayapungui hata lita moja. Hayo ni ya lazima, na mpanga safari anayeyagusa hafai kazi.

Sasa ongeza Kigali yenyewe. Uwanja wa Kanombe uko karibu mita 1,500 juu ya usawa wa bahari. Hewa ya huko ni nyepesi, mbawa hupata nguvu kidogo ya kunyanyua na injini hutoa msukumo mdogo, hasa mchana wa jua. Ndege ile ile ambayo Dar es Salaam ingeruka imejaa, Kigali inaweza kulazimika kuruka na uzito mdogo zaidi. Ikishafika kikomo, kila kilo ya mafuta ya ziada hutoa kilo ya kitu kingine. Abiria mmoja na mabegi yake tunamhesabu karibu kilo 100. Tani 4 ni watu 40, au mizigo ya watu wengi zaidi ya hao. Ndiyo maana abiria hufika salama mabegi yakaja kesho yake. Si kila mara ni uzembe wa wapakiaji. Shirika lisilotaka kuacha watu lina njia moja: kutua katikati kuongeza mafuta. Air India ilifanya hivyo Vienna kwa safari za Marekani Pakistan ilipofunga mwaka 2019, ikalazimika tena mwaka 2025. Na kutua kati si kuongeza mafuta tu. Kuna ada ya uwanja, kuna saa moja na zaidi ya kusubiri chini, na kuna saa za kazi za marubani. Wafanyakazi wa ndege wana kikomo cha kisheria cha saa kwa siku, na safari iliyopangwa kwa marubani wawili ikivuka kikomo hicho humtaka wa tatu, au kubadilishana marubani njiani, na hao lazima wawe wametangulia kupelekwa huko na kulazwa hotelini. Waziri wa India aliliambia Bunge lao kwamba hadi tarehe 2 Julai 2019 Air India peke yake ilikuwa imepoteza rupia bilioni 4.91 kwa kuzunguka.

Ramani pia haionyeshi mvua za radi. Bonde la Kongo na kingo zake zina mawingu makubwa kuliko karibu mahali popote duniani. Vichwa vyake hupanda kilomita 15 na zaidi, ndege za abiria zikiwa kwenye kilomita 11 au 12. Huwezi kuyaruka juu. Rubani huyakwepa kwa ubavu, na hupenda kukaa maili 20 za baharini, kama kilomita 37, kutoka kwenye wingu lenyewe. Basi ukimpangia njia inayoambaa mpaka wa nchi iliyomkataza, umemnyima upande mmoja wa kukwepea. Wingu likitokea kaskazini yake hana pa kwenda. Mpango mzuri huacha nafasi ya kutosha kati ya njia na mpaka, hata kama inaongeza dakika kumi, na mpango mbaya hubana mpaka ili kuokoa mafuta.

Yaliyotokea India tarehe 21 Mei 2025 yanaeleza hatari hiyo kuliko maelezo yetu. Ndege ya shirika la India la IndiGo kutoka Delhi kwenda Srinagar, yenye watu zaidi ya 220, ilikuta wingu la mvua ya mawe karibu na mpaka. Marubani waliomba kwa waongozaji wa upande wa India kukunja kushoto kuelekea mpakani, wakakataliwa. Wakaomba kwa waongozaji wa Lahore waingie kidogo Pakistan, wakakataliwa. Walipotaka kurudi walikuwa wamekwisha kulikaribia mno, wakaamua kulipita. Ndege ilifikia kushuka kwa kasi ya futi 8,500 kwa dakika, rubani wa kimashine akajizima, na wakaishika kwa mkono hadi wakatoka. Ilitua Srinagar salama, pua yake imepondwa. Kifungu cha 25 cha Mkataba wa Chicago kinazitaka nchi zisaidie ndege iliyo katika dhiki. Lakini kuomba kukwepa mvua ni ombi la kawaida. Kutangaza dharura ni jambo jingine, lina maneno yake redioni na lina namba yake, 7700, inayowashwa ionekane kwenye rada ya kila kituo kilicho karibu. Kila mpanga safari anayepeleka ndege pembezoni mwa nchi iliyonuna anapaswa kuwakumbusha marubani tofauti hiyo kabla hawajapanda, na aandike kwenye karatasi ya safari masafa ya redio ya kituo cha jirani aliyekataza. Siku ya dhiki hakuna muda wa kuyatafuta.

Njia za kuzungukia zenyewe nazo zinazidi kuwa chache. Anga la Sudan lilifungwa kwa safari za kawaida vita vilipoanza tarehe 15 Aprili 2023, na sehemu yake kubwa haikufunguliwa haraka. Kwa hiyo ndege ya Kigali iendayo Ulaya, iliyokatazwa Kongo upande wa kushoto, hukuta Sudan mbele yake. Sehemu kubwa ya katikati ya Afrika haina rada, na mawasiliano ya redio hukatika. Huko marubani hutumia utaratibu wa kujitangaza wenyewe: kwenye masafa ya 126.9 kila ndege husema jina lake, ilipo, urefu wake, inakoelekea na saa itakayofika pointi inayofuata, ili wenzao walio karibu wasikie. Inapowezekana husogea maili moja au mbili kulia mwa mstari wa njia, kusudi anayekuja mbele kwa urefu uleule kwa makosa asikutane naye uso kwa uso. Utaratibu huo unafanya kazi, lakini unategemea kwamba kila mmoja anasema na kila mmoja anasikiliza. Ndege nyingi zikisukumwa kwa pamoja kwenye njia moja, masafa hujaa maneno.

Somalia ina shida ya aina yake. Mogadishu ilirudishiwa uongozaji wa ukanda wake mwishoni mwa 2017, baada ya miaka mingi ya kuongozwa kutoka Nairobi, na Januari 2023 anga la juu likarudishiwa huduma kamili. Lakini mapema 2024, ugomvi wake na Somaliland ulipopamba moto, marubani waliokuwa juu walianza kusikia sauti mbili kwenye masafa yaleyale, kila moja ikitoa maelekezo yake. Ndege za kutoka Ghuba kuja kwetu hupita hapo. Hilo lilistahili ukurasa wa kwanza, na halikupata hata nusu safu.

Kuhusu fedha, msomaji ajue kwamba anayefunga naye huumia. Nchi hulipwa kwa huduma ya kuongoza ndege zinazopita. Kifungu cha 15 cha Mkataba kinakataza kutoza kwa sababu tu ndege imepita, lakini huduma hulipiwa, kwa kawaida kwa kuangalia umbali na uzito. Ulaya, kwa mfano, huchukua kilomita zilizopitwa, hugawa kwa 100, kisha huzidisha kwa kipeuo cha pili cha uzito wa juu wa ndege uliogawanywa kwa 50, yaani hutafuta namba ambayo ikijizidisha yenyewe hutoa jibu hilo. Airbus A330-200 ya tani 242 hupata 2.2; Boeing 737-800 ya tani 79 hupata kama 1.26. Halafu kila nchi huweka bei yake. Pakistan ilipozuia ndege za India, Wizara yake ya Ulinzi ilikiri kwamba kati ya 24 Aprili na 30 Juni 2025 mapato yaliyopotea yalifika rupia za Pakistan bilioni 4.1.

Na zipo nchi zilizokosana kwa vizazi bila kuzuiana angani. Marekani ilivunja uhusiano na Cuba Januari 1961 na kuurejesha Julai 2015, vikwazo vikiwa bado vipo. Hata hivyo ndege za Marekani kutoka Miami kwenda Amerika Kusini zimepita juu ya Cuba kwa miaka mingi, na kanuni za vikwazo zenyewe zina kipengele kinachoruhusu kuilipa Cuba kwa huduma hiyo. Zote mbili zimo katika yale makubaliano ya kupita bila kutua. Tunawatajia mfano huo kwa sababu Rwanda na Kongo ni wanachama wa Jumuiya ya Afrika Mashariki, bendera zao zinapepea Arusha, na bado hazikufika hata pale walipofika Washington na Havana. Hilo linatuuma.

Jambo dogo la mwisho kwa waandishi, linaloleta makosa ya tarehe kila mwezi. Saa za notamu ni saa za dunia, nyuma ya zetu kwa saa tatu. India na Pakistan zilipokuwa zikirefusha marufuku mwezi baada ya mwezi, mwisho uliandikwa dakika moja kabla ya usiku wa manane wa tarehe 23. Kwetu huo ni saa nane na dakika 59 usiku, na tarehe imekwisha kuwa 24. Ndiyo sababu gazeti moja liliandika 23 na jingine 24, wasomaji wakadhani mmoja kakosea.

Kwa abiria: kabla ya kulipa, tafuta kwenye tiketi mstari unaosema safari "inaendeshwa na" shirika gani. Namba ya safari yaweza kuwa ya shirika lililozuiwa huku ndege ikiwa ya mshirika wake asiyezuiwa, au kinyume chake. Kinachokatazwa angani ni ndege na mwendeshaji wake. Namba iliyochapwa kwenye tiketi haimhusu mwongoza ndege. Kama unaunganisha safari, usikubali nafasi ya saa moja kati ya ndege mbili wakati ya kwanza inazunguka nchi nzima. Acha angalau saa tatu, na dawa zako weka kwenye begi la mkononi.

Na kwako, Mhariri, kichwa kisichozidi nafasi: "Kongo yazuia ndege za Rwanda, nyingine zaendelea kupita." Tumehesabu herufi zake, kinaenea.

Wapanga safari za ndege,
Dar es Salaam